Mipira Miwili Ndani ya Soksi

Wazazi wa Mabela nimewakanda mimi,
wa Al-Khudh pia, na Barka kwa wenye mashamba:
arubaini nzima, mafuta yamepashwa,
kidole gumba changu kikiijua njia
kama punda aijuavyo ya kwao.
Sasa shingo ni yangu, na kidole hakifiki.
Kinyozi hajinyoi, wamesema.
Hawakusema aende wapi nywele zikimzidi.

Zamzam akasema: Mama, siku hizi kuna vyombo.
Akanitia garini saa saba ya mchana, Julai,
usukani ameuvika kitambaa usimuunguze,
tukashuka Ruwi, kwa Shaji, mtu wa Kerala,
duka lina baridi kama salamu ya mama mkwe.
Ndicho hicho, nikamwonyesha kiyoyozi,
ndicho kilichonifunga shingo,
usiku kucha kinanipuliza kisogoni.
Akacheka, akakipunguza,
akapanga vyombo juu ya kioo.

Cha kwanza bunduki.
Hii haiui, alisema, inakanda.
Ikanguruma mkononi kama nyuki walioibiwa asali.
Usiiweke juu ya mfupa, wala mbele ya koo,
hapo pana mshipa wa damu.
Nikamtazama.
Miaka thelathini na miwili naujua mshipa huo,
ila nilipenda kwamba naye anaujua.
Riali kumi na tisa.
Nikairudisha sandukuni mwake, ilale.

Cha pili mto wa umeme, una vifundo tumboni
vinazunguka, na taa nyekundu, na joto.
Nikauegemea. Ulikanda vizuri, uwongo dhambi.
Lakini ulikanda tu, kama anayemaliza zamu:
hauulizi "hapa?",
hausubiri mtu ashushe pumzi.

Cha tatu ndoana, kubwa, imepinda
mfano wa alama ya kuuliza;
unaishika mbele, yenyewe inakufikia nyuma.
Hii, nikasema, kaitunga mtu anayeishi peke yake.
Zamzam akaangalia simu yake.

Hapo Shaji akachungulia kule alikokaa tajiri wake,
akainama:
Mama yangu kule nyumbani
anatia mipira miwili ya tenisi ndani ya soksi,
anafunga fundo, anaegemea ukuta.
Riali moja na baisa mia mbili.
Soksi unayo.

Soksi ninayo. Ya marehemu, ya kahawia,
mwenziwe alipotelea kwenye mashine ya kufulia
mwaka tuliohamia ghorofa hii.

Usiku nikasimama, magoti nimeyalegeza,
mpira mmoja kulia kwa uti, mmoja kushoto,
nikapanda, nikashuka,
kama ng'ombe anayejikuna kwenye mnazi wa Salala.
Ikapatikana ile sehemu. Machozi yakanitoka,
si ya uchungu khasa.
Nikaongeza. Ukuta ukaitika: du, du, du.

Mara mlango ukagongwa.
Bi Shinuna wa namba kumi na nne,
abaya kaivaa ndani nje, slesi mkononi.
Miaka sita tunasalimiana kwenye lifti,
hujambo, sijambo, joto leo, basi.
Nilidhani umeanguka, alisema.
Nikamwonyesha soksi.
Akaitazama muda mrefu, akaipima uzito,
kisha akashika bega lake la kulia:
Mimi ni hapa. Tangu Ramadhani.

Mkono wangu ulitangulia kabla ya akili.
Geuka, nikamwambia.
Akasema: Wewe kwanza.

Mikono yake haijui kitu.
Alibonyeza pasipo, tena kwa kucha.
Soksi imebingirika chini ya kabati, na ikae.
Juu kidogo, namwelekeza.
Kushoto. Si huko, kushoto kwangu.
Shuka.
Hapo.
Hapo hapo.