Ufunguo Uko kwa Mangi

Nasimiyu, ukishuka stendi ya Moshi usinipigie,
laini yangu ya huku itakuwa imeshazimwa.
Ufunguo nimeuacha kwa Mangi, duka la kijani,
pale Rau, mkabala na fundi baiskeli.
Usimwambie "nipe." Sema "naomba."
Mimi nilisema "nipe" wiki tatu
nikauziwa mkate wa jana.

Mlango unyanyue kidogo ndipo uzungushe.

Stima huku ni umeme, tena haukopeshi:
nunua luku Alhamisi,
giza lisije likakukuta na ndengu hazijaiva.
Ndengu ni choroko. Dania ni giligilani.
Githeri ni makande, ila wao wanatia maziwa;
utanuna, halafu utakomba sufuria.

Mama Aikande atataka kodi ya miezi sita.
Usibishe. Taja mitatu, kisha kaa unywe chai.
Jibu lake huja kwenye kikombe cha pili.
Na umwamkie shikamoo, hata ulimi ukikwama.
Wangu ulikwama hadi Pasaka.

Kibali cha kazi: nakala tano, picha nane,
na siku ya Uhamiaji usivae viatu vya kubana.
Mshahara wa kwanza utachelewa.
Nimekuachia unga kilo nne
na blanketi la Kiborloni, la Julai.
Usiicheke Julai.

Watakuuliza, "Mlima umeuona leo?"
Jibu, hata kama ni mawingu matupu.
Wanataka tu kujua umeamkaje.

Jumapili, saa kumi jioni, ndiyo ngumu.
Hili hakuna aliyeniambia.
Maabara imefungwa, nguo zimekauka,
jirani anacheka na watu wake kwa Kichaga
nawe umelala chali unahesabu mbao za dari.
Inuka. Toka. Kanunue hata kiberiti usichokihitaji.
Vyangu kumi na saba viko droo ya chini.

Kingine. Kila bei utaigawa kwa ishirini:
nyanya, nauli, dawa ya mbu.
Utasimama sokoni midomo ikicheza
kama mtu anayesali.
Sikwambii uache.
Juzi mama alinipigia kutoka Kisumu
akalalamikia bei ya sukari,
nami nikajikuta naizidisha kwa ishirini
ili nijue kama kweli ni ghali.

Awuor