Usiitikise

Magoti ya kaka yangu Innes yaliumuka
kama unga uliosahauliwa karibu na jiko.
Akijikwaa asubuhi, jioni suruali haipandi.
Tuliishi Dundee, ghorofa ya tatu, ngazi za mawe.
Mama alizihesabu kila alipombeba: arobaini na sita.
Hadi leo nikipanda ngazi yoyote
midomo yangu inahesabu.

Zamani hizo ilikuwa plazma, hospitalini,
chupa kubwa ikining'inia usiku kucha kwa ajili ya goti moja.
Ikafuata mifuko ya manjano iliyogandishwa,
ikiyeyushwa kwenye beseni la maji vuguvugu
huku Innes akiuma ncha ya mto.
Kila mfuko ulikuwa na mtu wake:
mpiga rangi, labda, au karani wa bandari,
aliyelipwa chai na biskuti mbili.

Nilipotimiza miaka kumi na mmoja, ukaja unga.
Mweupe, katika chupa ya kimo cha kidole gumba,
ukakaa kwenye friji yetu baina ya maziwa na siagi.
Nesi Galbraith akanionyesha: maji yaingie polepole.
Usiitikise. Iviringishe,
viganja viwili, kama umeshika kifaranga.
Mikono ya mama ilitetemeka. Yangu haikutetemeka.
Basi nikawa mimi.

Robo saa tu, na Innes ameshafika chini,
ngazi zote arobaini na sita, kwa miguu yake,
anapiga mpira ukutani na mama hamkatazi.

Hatukuambiwa chupa ile imebeba watu wangapi.
Maelfu, alisema wakili, miaka mingi baadaye,
damu yao imemiminwa katika pipa moja:
wafungwa wa ng'ambo, walevi wa vituo vya basi,
mtu aliyetaka hela ya chumba kabla ya saa sita.
Siwalaumu. Mwenye njaa huuza alichonacho.
Aliyenunua aliiona bei,
akajua na kwa nini ni rahisi.

Macho ya Innes yakageuka manjano wiki ya mitihani.
Mkojo wake, chai ya mkandaa.
Ini limechoka kidogo, akasema daktari, ni kawaida kwao.
Ugonjwa ulikuwa haujapata jina. Si A, si B, walisema,
na Innes akacheka: hata mimi, alisema,
shuleni najulikana kwa nisichoweza.

Baadaye wakajifunza kuupasha unga moto.
Moto tu.
Jambo ambalo kila mama analijua kuhusu maziwa.

Jina lilipopatikana, walimpima bila kumwambia.
Wakaandika, wakafunga jalada.
Miaka mitatu jalada lilijua na Innes hakujua;
akaoa, akanunua gari bovu,
akaniazima wembe wake nilipomtembelea.
Mficha maradhi, kifo humuumbua.
Na aliyefichwa maradhi yake mwenyewe?

Alikufa na miaka arobaini na moja, tumbo limejaa maji,
magoti yamenyooka.

Mjukuu wangu Torquil ana damu ileile.
Dawa yake haijawahi kupita katika mwili wa mtu;
hupikwa kiwandani, hujichoma mwenyewe Jumapili
huku simu iko sikioni.
Nimemwona akinitazama nikiizungusha viganjani.
Bibi, hii haihitaji, anasema.
Najua, namwambia. Naendelea.

Tume ya uchunguzi iliomba daftari langu.
Niliwapa nakala.
Kalamu ya buluu, mwandiko wa mtoto anayejitahidi:
tarehe, namba ya chupa, mkono wa kulia au wa kushoto.
Pembeni, hapa na pale: amelala vizuri. Amekula.
Chupa mia nne na kumi na mbili.
Ni moja kati ya hizo, wanasema, au nyingi; haiwezekani kujua.
Huenda ni ile ya kwanza kabisa,
ile niliyochorea jua dogo.

Katika zote hizo
sikukosea mshipa hata mara moja.