Mshika Sufuria

Jumanne, saa tatu usiku, ghorofa ya pili
ya jumba la Tskaltubo walikotibiwa zamani
wenye baridi yabisi na vyeo,
tunabanana saba chumbani kwa Lamara,
maana televisheni yake ndiyo inayoshika
ukiweka antena juu ya sufuria
na mtu akaikamata hiyo sufuria.
Mtu huyo ni mimi.

Kiooni, mama wa tamthilia anavuka daraja,
kitambaa cheusi, picha ya mwanawe kifuani.
Anawakimbilia askari: Mmemwona? Mmemwona?
Muziki unapanda. Tsiala anapenga kamasi.

Lamara anapukuchua mahindi, hainui macho.
"Viatu vyake," anasema.
"Siku ya tano milimani, theluji hadi magotini,
na kisigino hakijalika."

Kisha, punje zikidondoka beseni:
"Wala hakuna aulizaye hivyo.
Unaomba chumvi. Unaomba kiberiti.
Unakaa nao, unangoja waseme wenyewe
kijana mwenye jino la mbele lililokatika.
Ukilitaja wewe kwanza, wataitikia tu,
ndiyo mama, tulimwona, kapita kule,
ili uondoke."

Jino lile sote twalijua.
Lilikatwa na baiskeli huko Ochamchire
miaka kumi kabla mimi sijazaliwa.

Tsiala anasema, uchungu wa mwana aujuaye mzazi.
"Na namba ya kiatu chake," anajibu Lamara.
"Arobaini na mbili."

Mama wa kiooni amepewa sehemu kumi na mbili.
Atafika, asifike, lakini ipo Jumanne
ambayo majina ya waigizaji yatapanda
naye atavua kile kitambaa, aende akale.

Sehemu ya mwisho walijaa hadi mlangoni.
Hospitali ya askari, ukumbi mrefu,
vitanda, bandeji, kamera inamfuata nyuma,
kitanda cha mwisho, shuka, mkono wake umenyanyuka

"Gvantsa," Lamara aliniita, taratibu,
kama anayeomba maji.
"Iachie sufuria."

Nikaiachia.
Chenga zikajaa kioo kizima.
Wakapiga kelele, wakaniita mjinga,
wakakimbilia ghorofa ya nne kwa Muradi,
na ngazi zikanguruma.
Tukabaki wawili, na beseni.

Kesho yake sokoni kila mtu alijua mwisho.
Lamara akitokea na kikapu, walihama
kwenye bei ya jibini.
Mimi nimeambiwa. Sijasema.

Jumanne iliyofuata aliniita tena.
Hapakuwa na tamthilia, ni hali ya hewa tu:
binti mwenye kijiti mbele ya ramani,
mvua kubwa pwani, upande wa pili wa mto,
upepo, nyuzi nne usiku.

Aliacha mahindi.
"Kanyaga vizuri, picha isiruke," aliniambia,
akasogea hadi pua ikaribie kioo,
hapo palipoandikwa Ochamchire kwa herufi ndogo.
"Alitoka na shati," akasema.
"Shati tu."