Kufuli Tatu

Muhula ule, Tunguu, tulisoma Katiba ya Marekani.
Bunge lishike fedha,
Rais ashike utendaji,
majaji washike maana ya maneno,
na kila mmoja atie kidole mlangoni mwa mwenziwe
usije ukafungwa kwa ndani.
Nilikariri botini nikirudi Pemba,
bahari ikinitapisha vifungu.

Kwetu ni Ole. (Jina tu; hatukulaaniwa.)
Chini ya kitanda cha Bi Chumu kuna sanduku la bati,
buluu, limechubuka pembe.
Analala juu ya mamilioni asiyoweza kuyagusa,
maana kufuli ni tatu, na funguo ziko kwingine:
kwa Raya mshona kofia,
kwa Zuwena wa mafuta ya taa,
na kwa mama yangu, Mkasi binti Faki,
aliyeufunga wake kwenye pindo la kanga
mafundo mawili, hata akienda chooni.

Mwenyekiti, Bi Mwatime, hana ufunguo.
Ana daftari, ana sauti, na kikundi kakizaa yeye:
alipita nyumba kwa nyumba mwaka mikarafuu ilipogoma,
sanduku lenyewe kalinunua kwa bangili yake.
Usiku mmoja akabisha, taa ya simu mkononi.
"Kuna mtu anauza mavuno yangali mtini,
mikarafuu arubaini, anataka pesa kabla ya alfajiri.
Tununue kwa kumi, tuuze kwa thalathini.
Zuwena kakubali. Raya kakubali.
Umebaki wewe."

Wala hakuwa mwizi. Hilo ndilo lililonisumbua.
Hesabu yake sahihi, nia yake nyeupe kama tui.

Mama akauliza, "Leo siku gani?"
"Jumatatu."
"Sanduku hufunguliwa Alhamisi,
wanawake ishirini na watano wamekaa, wanaona."
"Sheria hiyo niliitunga mimi!"
"Ndiyo. Kwa hivyo unaijua."

Nikakumbuka kesi moja: vita ng'ambo,
Rais kavitwaa viwanda vya chuma, kasema ni dharura,
majaji wakamwambia: dharura tumeiona,
idhini ya Bunge iko wapi?
Sikuisimulia. Mama alikuwa keshahukumu,
anapuliza kibatari.

Karafuu zile alizinunua mtu wa Wete,
na nisiseme uongo, alitajirika.
Wanawake wa Ole walipita chini ya miti ile
wakihesabu kwa midomo.
Wiki mbili mama hakuitikiwa salamu kisimani.

Kisha ikaja ada yangu. Mwisho wa kulipa, Jumanne.
Mama aliketi ukingoni mwa kitanda
akayafungua yale mafundo,
akauweka ufunguo kiganjani,
mdogo kama jino la mtoto.
Kwa Zuwena ni hatua thelathini. Zuwena angempa.
Raya angempa, angelia na angempa.
Na Bi Mwatime, nadhani, angenyamaza,
na kunyamaza kwake kungetugharimu maisha.
Mama aliutazama mpaka wali ukaungua jikoni.
Akaufunga tena, mafundo matatu safari hii.
"Alhamisi," akaniambia,
silabi ya mwisho haikutoka.

Mtihani ukanipita. Nikafanya wa marudio, Septemba,
chumba kitupu, msimamizi anasinzia:
*Eleza kwa nini mamlaka hugawanywa, na kwa nini huwekewa mipaka.*
Niliandika kurasa nne za Marekani
kisha mstari mmoja ulionitoka wenyewe:
*Ufunguo apewe yule awezaye kumnyima hata mwanawe.*

Mwalimu akaupigia wino mwekundu:
*Nani kasema? Weka rejeo.*

Sikujua rejeo kama hilo huandikwaje.
Nikajaribu kwa penseli, pembeni:
Mkasi binti Faki. Ole, Pemba.
Pindo la kanga, fundo la tatu.