Kufuli Mbili

Daftari hili lilikuwa la hesabu, la Mihayo,
darasa la pili. Kurasa saba ameandika yeye:
kujumlisha, kutoa, na kosa moja lililopigwa wino mwekundu.
Zilizobaki naandika mimi.

Naanza na nyumba za juu, njia ya kwenda Ipole,
kabla jua halijakausha umande kwenye tumbaku.
Hodi. Karibu. Nasema nilichokuja kusema:
kila gobore liwe na namba,
lilale ndani ya sanduku la chuma,
kufuli mbili, funguo kwa watu wawili,
na baruti isilale chumba kimoja na watoto.
Iwe sheria ndogo ya halmashauri, yenye faini,
isiwe nasaha ya mkutano
inayokufa watu wakishasimama na kukung'uta vumbi.

Kapela ananiuliza: Na nguruwe?
Wakiingia kwenye mahindi usiku wa manane
niwasomee sheria?
Namjibu: Ufunguo mmoja unao wewe,
wa pili anao mkeo. Mwamshe.
Anacheka.
Mkewe hacheki. Mkewe anaomba kalamu.

Wasiojua kuandika wanaweka dole gumba.
Wino wa mtendaji ulipokauka
tukachanganya masizi ya sufuria na mafuta ya karanga.
Ukurasa wa kumi na nne unanuka jiko.

Tuko sita. Mwalimu Nyanzala anatunga barua,
Masele fundi baiskeli anatuazima baiskeli za watu
kabla wenyewe hawajazifuata.
Posho yetu ni michembe mfukoni
na maji ya kuomba.

Wanajua wote, ila wananiacha niseme mwenyewe:
gobore lile lilikuwa letu.
Liliegemea ukuta nyuma ya debe la asali
miaka kumi na moja, kama jembe, kama mwiko.
Nilikuwa nalifuta vumbi.
Baba yake alikuwa porini, kwenye mizinga.
Mimi nilikuwa kisimani.
Mihayo alitaka kumwonyesha rafiki yake
jinsi baba anavyolenga.

Rafiki yake aliitwa Shigela.
Alikuwa hapendi maharage.

Polisi wakaja, wakalichukua,
wakaandika karatasi moja, na mwisho wa karatasi
maneno mawili: bahati mbaya.
Bahati!
Kana kwamba bahati ndiyo iliyoshindilia baruti,
ikaliacha limejaa, ikaenda zake kurina asali.

Nyumba ya mama yake Shigela niliipita mara nne
nikitazama upande wa pili, kama mdaiwa.
Mara ya tano nikamkuta amesimama njiani.
Hakunikaribisha. Alinyoosha mkono tu.
Akalifungua daftari mwanzo kabisa, kwa Mihayo,
akazisoma zile hesabu moja moja, midomo ikicheza,
mpaka kwenye lile kosa.
"Shigela angemwambia," akasema.
"Hesabu alikuwa anaziweza."
Akaandika jina lake pale, chini ya wino mwekundu,
wala si kwenye mistari niliyoichora kwa rula.
Akanirudishia kalamu bila kunigusa vidole.

Sikonge, ofisi ya halmashauri, dirisha la pili.
Karani anasema bajeti imeshapita,
mwanasheria yuko safarini, tuache nakala.
Nakala ipi, baba? Ni hili moja.
Basi anahesabu: mia tatu na kumi na moja.
Namwambia ni mia tatu na kumi na mbili.
Anafunua, anafunua, analikuta.
"Mama, hili mbona liko kwenye hesabu za mtoto?"

Anzia hapo, namwambia.

Ananitazama. Nje Masele anapiga kengele,
mwenye baiskeli anaitaka.
Karani analamba kidole,
anarudi ukurasa wa kwanza.