Kisahani cha Juni

Kilifika Januari, kisahani cha Juni,
ndani ya bahasha yenye mihuri ya nchi tatu
na kona iliyotafunwa, sijui na panya au na ofisa wa forodha.
Garegin wa posta alikipandisha ghorofa saba kwa miguu,
lifti ilikuwa imelala tangu vuli,
akakiweka mezani, akahema, akauliza:
"Na hiki nacho kinaliwa?"

Hatukucheka. Yerevan ile, baridi ile,
kila kitu kiliulizwa hivyo.
Mkate ulipimwa kwa gramu na kwa majina.
Miti ya bustani ya taasisi tulikwisha kuichoma,
sasa tulichoma viti vya ukumbi wa mihadhara,
tukianzia safu ya nyuma, ya wavivu.

Daktari Zaruhi alikishika kwa kingo,
kama mtu anayetoa vumbi jichoni mwa mtoto.
Upande mmoja namba ya toleo, mwezi, anwani ya ng'ambo.
Upande wa pili hakuna neno: nyuso zetu tu,
zimekonda, zimezungushiwa upinde wa mvua.

"Humu," akasema, "mna kila kiumbe kilichokwisha kusomwa."
Chachu, mbu, virusi vya tumbaku,
binadamu vipande vipande,
wote kwa herufi nne, A, C, G, T,
zenye irabu moja tu, haitoshi hata kumwita mtu chakula.
Bibi yangu alikuwa na herufi thelathini na nane
na bado alikosa neno la kuita njaa yake.

Umeme ulikuwa wa saa moja kwa siku
na haukuaga wala kubisha hodi.
Tulilala maabara na makoti yetu,
swichi ya taa tumeiacha wazi ili ituamshe.
Mashine ya kusomea diski waliituazima watu wa matetemeko,
rehani: kopo moja la mafuta ya taa.

Saa tisa usiku, mwanga.
Kisahani kikazunguka, nyuki ndani ya chupa.
Kwa glavu zilizokatwa vidole akaandika herufi zake,
mia mbili na kumi na mbili, kazi ya miaka miwili,
za ngano mwitu ya mlima ulio nyuma ya mji,
ile ambayo ng'ombe huikanyaga bila kuomba radhi.
Asilimia kumi. Ishirini na mbili.
Nikahesabu kwa sauti; akaninyamazisha,
kana kwamba umeme una masikio.
Sabini na moja. Taa ikafifia,
ikasita,
ikarudi.

Kisha mstari mmoja. Herufi mia mbili na nane zinalingana.
Waliowasilisha: majina matatu tusiyoyajua.
Mbegu ilikookotwa: kijiji cha mama yake Zaruhi,
kimekosewa, irabu mbili zimebadilishana viti,
mwaka ambao yeye alikuwa darasa la pili.

Mtu alipita, akainama, akatia masuke mfukoni,
na sasa mlima umerudi kwao kwa posta,
mwembamba kuliko ukucha.

Sikujua tushangilie au tupige ukunga wa mwizi.
Nilimtazama. Alikuwa akizitazama zile nne zisizolingana.
"Hizi," akasema, "hizi hawajaziona."
Akainua kalamu. Wino ulikuwa umeganda.
Akaitia kinywani iyeyuke.

Alipoanza kuandika umeme ukakatika,
na gizani kisahani kiliendelea kidogo kwa nguvu zake chenyewe,
halafu nacho kikanyamaza.

Asubuhi nilikuta kikaratasi chini ya bahasha:
toleo lijalo ni la Agosti,
tafadhali thibitisheni anwani yenu.
Zaruhi akalisahihisha kwanza jina la kijiji,
herufi kwa herufi, kwa kalamu ya risasi,
kisha akajibu:
Ghorofa ya saba. Lifti hakuna.
Tupo.