Sentensi ya Tatu

Mwezi wa tano Tukuyu, mkimbiaji humwoni.
Ukungu hushuka kutoka Rungwe
ukalala uwanjani kama ng'ombe aliyegoma,
na Kocha Tusajigwe husimama kwenye mstari wa chokaa,
filimbi mdomoni, macho kayafumba,
anasikiliza.
"Ambilikile, kisigino."
"Wewe wa nyuma, umelala na njaa. Pita kwangu baadaye."
Tulidhani ni uchawi.
Hesabu tu, alisema: hatua mia na themanini kwa dakika,
anayekosea husikika kama sarafu bandia juu ya meza.

Mama yake alikuwa Mkisi, mfinyanzi wa Ikombe.
Akiwa na miaka tisa alibeba vyungu kichwani
kwenda mnadani Lyulilo, Jumamosi,
kabla jua halijauchoma mchanga.
Chungu kikivunjika, chumvi hakuna.
Ndiyo maana akituona tunatikisa mabega
hapigi kelele. Anauliza tu:
"Umevunja vingapi hadi sasa?"

Alikimbia mita mia nane UMISSETA, peku,
akapata beseni la plastiki
na picha gazetini yenye jina la mtu mwingine.
Goti likamwasi akiwa na ishirini na mbili.
Hesabu ya kidato cha nne aliifeli, akairudia,
akaifeli, akairudia na mtoto mgongoni,
na cheti kilipokuja alikitia ndani ya chungu.
"Fremu haina tumbo," alisema.

Mimi nilikuja chuoni kusomea Kiswahili.
Miguu nilikuwa nayo, kama kila mtu.
Alinikuta bwenini naandika mashairi
ya msichana wa Kiwira ambaye hakuwahi kunijibu.
Akayasoma yote, kasimama, koti linachuruzika maji.
"Una pumzi ndefu, ila unaimaliza yote mstari wa kwanza.
Kesho saa kumi na moja na nusu. Njoo na daftari."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza mita mia nne:
niiandike mbio kabla sijaikimbia,
sentensi nne, moja kwa kila mita mia.
Ya kwanza iwe fupi.
Ya pili ipumue.
Ya nne itajiandika yenyewe, mwili unajua nyumbani.
"Lakini ya tatu, mwanangu. Ya tatu ndipo waongo hujulikana."

Nikaandika: nitaruka kama swala.
Akakata kwa wino mwekundu, uleule wa kusahihishia aljebra.
"Swala umemwona wapi, Rungwe hii?"
Nikaandika: nitakaza moyo.
Akakata.
Wiki tatu, akakata.

Siku ya mashindano, Mbeya, mvua imeugeuza uwanja uji,
nilifika mita ya mia mbili sina sentensi.
Nikasikia mapaja yanarudi kuwa udongo mbichi,
na kitu ndani yangu kikasema, bila vina wala mizani:
naogopa, na mguu unaofuata ni wa kushoto.

Nilikuwa wa nne.
Aliomba daftari, nikamwandikia mstari ule kwa mkono unaotetemeka,
akatia pembeni: Sahihi.

Alistaafu mwaka juzi. Hotuba ya mkuu wa chuo
ilimwita "mama yetu" mara saba
na jina lake halikutajwa.
Akarudi Ikombe kufinyanga.
Juzi kifurushi kilikuja na basi la Kyela,
majani makavu ya migomba, kamba ya katani,
chungu ndani, kimepasuka ubavuni,
na ndani ya chungu filimbi, vipande vya chaki,
karatasi:
"Kimekuvunjikia wewe au dereva?"

Leo ukungu tena.
Nimesimama kwenye chokaa, macho nimefumba,
wanane wananizunguka,
miguu kumi na sita ikipiga nyasi zilizolowa.
Nahesabu.
Narudia kuhesabu.
Kumi na minne.
Kuna mtu kasimama, kwenye kona ya mia ya tatu.

Filimbi siipigi.
Naingia ukunguni na daftari.